Kibao cha Laini ya Nne

Daktari alimwambia afungue mdomo amtazame ulimi, na kilichotangulia kutoka kikawa kifungo. Kifungo cheupe cha shati, chenye matundu manne, kinang'aa kwa mate. Kilidondoka mezani kati ya muhuri na boksi la glavu, kikazunguka mara mbili kama kinatafuta mlango, kisha kikalala.

"Hiki nini, mama?"

"Kifungo, daktari."

"Naona ni kifungo. Mdomoni kinashona nini?"

Mwanamke alikinyakua, akakifuta kwa upindo wa gauni na kukitia kwenye pochi. Kiwandani walimwita Mama Kola, kwa sababu kwa miaka tisa alikuwa anashona kola za mashati. Kola tu. Mashati yenyewe yalikoishia alikuwa hajui, na hakuna aliyewahi kumwalika akayaone.

"Kinaleta mate," akasema. "Ukikiweka chini ya ulimi husikii kiu. Sote tunafanya hivyo."

"Sote kina nani?"

"Laini ya nne."

Daktari aligeuza karatasi ya maabara, akaigeuza tena, kama vile upande wa pili ungekuwa na huruma zaidi. "Mara ya tatu mwaka huu unakuja na mkojo mchafu. Mara mbili nimekupa dawa, umepona, umerudi. Safari hii nimepima na figo. Figo zako zinalalamika, mama. Hazijafa, zinalalamika. Na hazina spea dukani kama cherehani."

"Dawa yake?"

"Dawa yake ndiyo hiyo unayoizuia kwa kifungo. Maji. Glasi nane kwa siku, uzigawanye tangu asubuhi. Ukisikia haja, nenda, usibane. Chumvi punguza. Ukikaa saa nzima, inuka, nyoosha mgongo, tembea hata hatua hamsini. Ni mabadiliko madogo tu ya kila siku. Wiki sita, nakupima tena. Kipimo kikisimama hapa kilipo, tunashukuru. Kikipanda..." Alitazama mlangoni, ambako watu ishirini walikuwa wanakohoa kwa zamu.

Mama Kola akacheka. Alicheka kama mtu aliyetumwa mwezini na kuambiwa arudi kabla ya chakula cha mchana.

"Nimesema kichekesho?"

"Hapana, daktari. Ni hilo neno, 'madogo'."

* * *

Mumewe alikuwa mpaka rangi, na watu walimwita Rangi, jina lililowapunguzia maneno. Hata nyusi zake zilikuwa na kumbukumbu za nyumba za watu. Aliposikia habari za figo aliinuka. Alitafuta chupa ya lita moja na nusu, akachovya brashi nyembamba kwenye rangi ya buluu iliyobaki ya mlango wa mtu, akaichora mistari mitano.

"Huu saa tatu. Huu saa tano. Saa saba. Saa tisa. Saa kumi na moja. Ikigonga saa tatu, maji yawe yamefika hapa. Na usinidanganye, mistari ndiyo kazi yangu. Nimenyoosha kuta za watu waliopinda."

"Yaani nitakunywa kwa saa kama treni?"

"Kama treni, mama. Na kituo usiruke."

Mama mkwe wa Mama Kola, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alichukua kopo la chumvi akampa Rangi alipandishe juu ya kabati, mahali ambapo yeye mwenyewe hafiki. "Limestaafu," akatangaza. "Na tuanze wote. Mtu mmoja akifuata masharti peke yake ndani ya nyumba, huyo ni mgonjwa. Tukifuata wote, ni desturi."

Wakaanza wote. Rangi akapunguza sukari kutoka vijiko vitano hadi viwili, akawa anainywa chai kwa uso wa mtu anayesoma barua ya msiba. Jioni walitoka familia nzima, Bibi mbele na watoto wawili nyuma, wakatembea hadi mwisho wa barabara na kurudi. Majirani wakawauliza nani anawafukuza. "Figo!" akajibu Bibi bila kugeuka. Wiki ya kwanza walichekwa. Ya pili, mke wa fundi baiskeli akajiunga, akisema anakwenda tu kumsindikiza Bibi. Na kweli miguu ya Bibi ilikuwa imeanza kuacha kuvimba.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya Mama Kola. Alikunywa mpaka kila mstari, na kila alipohitaji kwenda, alikwenda. Alikwenda mara saba. Hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyemhesabia. Mara ya saba alisimama mlangoni mwa choo cha uani akashindwa kuondoka.

"Unalia nini, mwanangu?" Bibi akamwuliza.

"Moshi, mama."

"Moshi wa chooni?"

Mama Kola alijifuta macho kwa kiganja. Bibi alikuwa na akili ya kujua ni lini aache mzaha, akaacha.

* * *

Sasa tuingie kiwandani, tuone kwa nini maji ya kunywa yamlize mtu mzima.

Kando ya meza ya msimamizi wa laini ya nne kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kibao. Kipande cha mbao nzito, kikubwa kama ubao wa kukatia mboga, kimetobolewa na kutiwa kamba, na juu yake rangi nyekundu: CHOO – LAINI YA 4. Aliyetaka kwenda chooni alikivaa shingoni, ili aonekane kutoka kila kona ya ukumbi kwamba ana ruhusa. Kibao kilikuwa kimoja. Wanawake walikuwa thelathini na wanane. Mmoja akiwa nacho, thelathini na saba wanabana.

Msimamizi waliyemwita Filimbi, kwa sababu alitembea nayo mdomoni kama mtoto na chuchu, aliandika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Ulipewa dakika nne. Ngazi peke yake zilikula mbili. Ukizidisha, alikutangaza kwa kipaza sauti: "Laini ya nne, kuna mtu kaenda kujifungua? Tumpelekee nepi?" Ukiomba mara mbili kwa siku, jina lako lilikuwa Bomba. Filimbi naye alikuwa na ofisi iliyomwuliza kila jioni dakika zimepotelea wapi. Ila ofisi hiyo ilimpa ufunguo wa choo cha wakubwa, na mwenye ufunguo mfukoni hana haraka ya kufikiria walio kwenye foleni.

Kwa hiyo wanawake walijifunza. Walijua kiasi gani cha chai ya asubuhi mwili unaweza kukimeza bila kudai. Walijua kubana kwa zamu, mguu huu, mguu ule, huku sindano inakwenda. Walijua kifungo chini ya ulimi. Ulikuwa ufundi kamili, na kama ufundi wowote, walikuwa na fahari nao. Mkongwe wa laini aliweza kukaa tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Alikuwa akijisifia hivyo mpaka alipoanza kwenda kusafishwa damu kwa mashine.

Jumatatu ile ya kwanza Mama Kola aliamua kumtii daktari. Alikunywa mpaka mstari wa saa tatu. Saa nne akainua mkono.

"Kimetoka," akasema Filimbi.

Kiliporudi akachukua aliyetangulia. Halafu mwingine. "Bomba, leo umefunguka!" Filimbi akacheka. "Kaa, zamu yako itafika." Bando la kola lilikuwa linarundikana kushoto kwake, na akiinuka kusimama foleni linahesabiwa dhidi yake. Akakaa. Saa tano na robo zamu ilikuwa haijafika, lakini mwili ulikuwa umefika. Mkojo ulikuja wa moto, ukashuka kwenye kiti, ukaanza kudondoka sakafuni tone moja moja. Mama Kola hakusimamisha mashine. Aliishona ile kola mpaka mwisho, ikanyooka kama zote.

Aliyekuwa akimtazama kutoka mashine ya mbele ni shoga yake wa kutia vifungo, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. Aliona matone. Aliisukuma chupa yake mwenyewe ya chai kwa kiwiko, ikaanguka, ikasambaa chini ya mashine zote mbili.

"Mungu wangu, nimemwaga chai!" akapiga kelele. "Mikono yangu hii! Leteni tambara!"

Filimbi akamtukana. Mtu wa vifungo akatukanwa huku anapangusa, akapangusa mpaka chini ya kiti cha mwenzake, na hakumtazama usoni hata mara moja. Jioni Mama Kola alifika nyumbani na sweta limefungwa kiunoni.

"Chupa ilimwagika," akamwambia mumewe.

"Na kifuniko nilivyokikaza!" Rangi akacheka. "Wewe mkono wako hauna bahati na maji."

Tangu Jumanne, Mama Kola alifanya kama wenzake. Kila mwanamke mwenye mtu wa kumpenda nyumbani alifika kazini na chupa iliyojazwa, na kila mmoja aliimwaga getini, kwenye kichaka cha maua mekundu kando ya kibanda cha mlinzi. Kukaa nayo mezani ni kujitafutia kishawishi, na kurudi nayo imejaa ni kujitafutia maswali. Kiangazi kile nyasi za mji mzima zilikauka. Kichaka kile kilichanua kama bibi harusi.

* * *

Wanunuzi wa mashati wakaandika kwamba wanakuja, na kwamba wangependa kuona mpango wa afya ya wafanyakazi. Mpango haukuwepo, basi ukatengenezwa. Kila mfanyakazi akapata Kadi ya Afya yenye visanduku: nimekunywa maji, nimenyoosha mgongo, nimetembea. Kadi zilikaa mezani kwa Filimbi. Ijumaa alizitia tiki zote kwa kalamu moja na mwendo mmoja, huku anapiga mluzi.

Mpango wa afya unahitaji na ukuta, na ukuta unahitaji mpaka rangi. Rangi akaipata kazi ile, akaja nyumbani anacheza. Herufi kubwa kama mtu mzima, nyeupe juu ya buluu: TABIA NDOGO, AFYA KUBWA. GLASI NANE KWA SIKU. Asubuhi ya pili alikuwa juu ya jukwaa lake, amefika kwenye AFYA, alipomwona mkewe anaingia getini. Alitaka kupiga mluzi amtanie. Akamwona anafungua chupa, anaiinamisha juu ya maua, anasubiri mpaka tone la mwisho, anaifunga.

Jioni chupa iliwekwa mezani tupu, kama kawaida. Rangi alikuwa ameketi hajanawa.

"Umekunywa yote?"

"Yote."

"Mpaka mstari wa chini?"

"Mpaka tone la mwisho, baba watoto. Umekuwa polisi?"

"Basi lile ua la getini lina figo nzuri sana."

Bibi aliyekuwa anachambua mchele akasimamisha vidole.

"Nilikuwa juu ya jukwaa," Rangi akasema, sauti ikipanda. "Wiki ngapi naamka kabla ya watu, nachemsha maji, napoza, najaza! Kumbe nafuga maua ya tajiri! Mama yangu anakula mboga isiyo na chumvi kwa ajili yako! Watoto wanatembezwa barabarani kama mbuzi wa mnada kwa ajili yako! Unataka kufa? Sema, tujue!"

"Punguza sauti, watoto wanasikia."

"Wasikie! Kitu kidogo hivi! Kunywa maji! Hata ng'ombe anaweza!"

"Ng'ombe," Mama Kola akasema polepole, "havalishwi kibao."

"Kibao gani?"

Akamwambia. Hakulia. Alieleza kama mtu anayemfundisha mwenzake kushona kola, hatua kwa hatua: msumari, kamba, dakika nne, kipaza sauti, Bomba, kifungo. Alipofika kwenye Jumatatu ya kwanza alishusha sauti, lakini hakuruka kitu.

Rangi aliitazama chupa iliyokuwa mezani. "Lile sweta kiunoni," akasema.

"Ndiyo."

"Ukasema chupa."

"Ulitaka niseme nini? Mama wa watoto wawili kajikojolea mbele za watu? Nikakwambia chupa, ukanichekea kifuniko."

Rangi akainuka, akaanza kutafuta viatu kwa hasira, kiatu kimoja kikamkwepa chini ya meza.

"Unakwenda wapi?" Bibi akauliza. Alikuwa ameshauziba mlango.

"Kumtafuta huyo Filimbi. Nammezesha filimbi yake leo."

"Atameza. Nawe utalala ndani. Mkeo atabaki na figo mbovu na mume mahabusu, na mimi nitaleta chakula kwa nani kati yenu? Kaa."

"Mama..."

"Kaa! Umezaliwa na mimi, hasira hiyo nimekupa mimi, naijua mwisho wake."

Akakaa na kiatu kimoja mguuni. "Basi kesho siendi. Nimefika kwenye AFYA, waibakishe hapo hapo. Waumalizie ukuta wao kwa mate."

"Utakwenda," Mama Kola akasema. "Utamaliza kila herufi, na uzinyooshe. Hizo glasi nane uziandike zionekane mpaka barabarani."

"Kwa nini?"

"Sijui bado. Wewe ziandike."

* * *

Siku tatu kabla ya wageni, afisa ustawi, dada ambaye tabasamu lake lilikuwa sehemu ya sare, alikuja laini ya nne na kumkumbatia Mama Kola kutoka nyuma.

"Hongera! Umekuwa Mnywaji Bora wa Maji kiwanda kizima!"

"Mimi?"

"Kadi yako haina hata pengo moja. Siku thelathini, glasi nane nane." Ni kweli. Filimbi alikuwa ametia tiki hata siku za Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa. "Utapanda jukwaani, utapewa cheti, utakunywa glasi moja mbele ya wageni, tunapiga picha, basi. Glasi moja, dada yangu, usituletee mambo."

Mtu wa vifungo akacheka mpaka akajichoma sindano. Wakati wa chakula walipokaa chini ya ukuta alikuwa bado anajifuta machozi. "Mwenzetu kashinda mbio akiwa kitandani! Sasa hiyo glasi utainywa?"

"Nitainywa."

"Halafu?"

"Halafu nitataka kwenda."

Mtu wa vifungo akaacha kucheka. Walitazamana. Mchana ule neno lilipita laini ya nne kama zinavyopita kola, kutoka mkono hadi mkono, bando kwa bando, na Filimbi aliona tu kwamba wanawake leo wametulia.

* * *

Siku ya wageni mashine zilizimwa, ukumbi ukawa mtulivu mpaka watu wakaoneana haya. Kila mfanyakazi alipewa chupa mpya ya buluu iliyojaa maji na kuagizwa aishike nembo ikiwa mbele, asiifungue. Wageni walikuwa wanne. Mmoja, mama wa makamo mwenye viatu bapa na daftari, alikuwa ameshapiga picha maua ya getini na kuuliza wanayatunzaje kiangazi hiki. Mkurugenzi akajibu kwamba siri ni nidhamu.

Alitoa hotuba. "Afya ni tabia, ndugu zangu. Mtu anaumwa mgongo, kumbe hanyooki. Anaumwa figo, kumbe hanywi maji. Maji ni bure! Magonjwa mengi ni uvivu tu." Mkongwe wa laini, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na bandeji mkononi ya siku yake ya kusafishwa damu, alipiga makofi pamoja na wengine. Alikuwa anahitaji ile kazi.

Mama Kola akaitwa. Akapokea cheti. Akamiminiwa glasi kutoka kwenye jagi, akainywa yote bila kupumua, kamera zikamulika, watu wakashangilia. Akanyoosha mkono mwenyewe kwenye jagi, akajimiminia ya pili. Wageni wakacheka kwa furaha. Akamimina ya tatu.

"Inatosha, dada yangu," afisa ustawi akanong'ona, tabasamu likiwa limekauka menoni.

"Ukutani mmeandika nane."

Jagi liliisha kwenye ya nne. Akaliweka chini taratibu, akashika kipaza sauti kilichokuwa bado mkononi mwa mkurugenzi, akakivuta kidogo upande wake.

"Nashukuru kwa cheti. Sasa naomba kibao."

"Kibao?" yule mgeni wa daftari akauliza. "Kibao ni nini?"

"Ni utaratibu mdogo wa usalama," mkurugenzi akasema.

"Naweza kukiona?"

Watu wote wakamgeukia Filimbi, aliyesimama kando ya jukwaa. Filimbi, masikini, alifunguliwa kinywa na mazoea. "Kimetoka," akasema.

Na kweli kilikuwa kimetoka. Wakati huo huo binti mmoja wa laini ya nne, aliyeajiriwa mwezi uliopita, alikuwa anashuka ngazi mbio na ule ubao unamgonga kifuani. Alipouona ukumbi mzima unamtazama alikwama kwenye ngazi ya mwisho. Filimbi akatazama saa, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. "Dakika tano na nusu," akasema, na kipaza sauti kikalibeba jambo hilo mpaka kwenye kona za ukumbi.

Hakuna aliyecheka.

Mama Kola alishuka, akamvua binti kamba, akaivaa yeye. Ubao ukakifunika cheti. "Sisi tuko thelathini na wanane," akamwambia mgeni. "Hiki ni kimoja. Maji ni bure, bosi kasema. Kuyatoa ndiyo kuna foleni. Mwaka huu nimeugua mara tatu. Huyu mama hapa mbele anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Si wavivu. Tunabana."

Kisha ikasikika sauti ndogo nyuma, tak. Mtu wa vifungo alikuwa amefungua chupa yake. Tak, mwingine. Tak, tak, laini nzima. Walikunywa wamesimama, vichwa nyuma, maji yakiwashuka kidevuni. Walipomaliza walitoka kwenye nafasi zao na kupanga mstari nyuma ya Mama Kola, kimya kama wanavyopanga kila siku, na mstari ukapita mbele ya wageni, ukapita jukwaa, ukafika ukutani ukakata kona.

Mgeni wa daftari alitazama saa yake. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu.

Mama Kola alipanda ngazi, akajisaidia bila haraka, akanawa mikono. Aliposhuka hakukirudisha kibao msumarini. Alitoka nacho shingoni, akapita getini chini ya herufi za mumewe, akaenda nyumbani.

* * *

Barua ya kusimamishwa ilifika kesho yake. Ilimtuhumu kwa utovu wa nidhamu na wizi wa mali ya kiwanda, yaani "kibao kimoja cha mbao, chenye kamba." Rangi aliisoma kwa sauti mara mbili, hakuamini kwamba mtu mzima ameketi akaichapa. Bibi hakusikiliza. Alikuwa amegundua kwamba kibao kinaenea vizuri kabisa juu ya mtungi wa maji ya kunywa, akakisugua kwa jivu, akakifunikia.

Wiki ya sita ilifika. Daktari alisoma karatasi, akaigeuza. "Kimesimama," akasema. "Kusimama si kupona, mama. Ni kwamba mlango haujafungwa. Umefanyaje?"

"Nimekaa nyumbani siku kumi, nakwenda nikitaka."

Mtu wa vifungo alikuja kutoa habari, akala, akanywa, akaenda uani mara mbili kwa makusudi. Siku tatu za kwanza, alisimulia, laini ilikaa bila kibao, basi kila mtu akawa anainuka akitaka, na mashati hayakupungua hata moja. Siku ya nne kikaletwa kipya, cha plastiki, cha manjano. "Filimbi kakinyoosha kwa mkono hivi. Mwanamke wa kwanza kapita. Wa pili kapita. Kapuliza filimbi mpaka macho yakamtoka! Kaandika majina mpaka daftari likaisha." Kisha akaacha kucheka. "Wawili wamehamishiwa kufungasha. Na yule binti wa ngazini wamemfukuza. Kwa dakika tano na nusu."

Mama Kola hakulala vizuri usiku ule, na si kwa sababu ya figo.

Jumamosi mchana, mtu alibisha hodi. Alikuwa Filimbi mwenyewe, ametembea kwa jua, shati limemganda mgongoni, filimbi iko mfukoni. Rangi aliinuka. Bibi akamtazama, Rangi akakaa.

"Nimetumwa," Filimbi akasema. Bibi akamletea maji, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Akanywa glasi mbili mfululizo, kisha ya tatu. "Wageni hawajatia saini oda. Na kola... aliyewekwa mahali pako anazipinda. Mashati mia nne yamerudishwa. Urudi Jumatatu, barua itafutwa. Ila wanataka kibao."

"Kibao kinafunika maji yetu ya kunywa," Mama Kola akasema. "Na yule binti?"

"Yule ni habari nyingine. Sina mamlaka."

"Wapelekee wenye mamlaka. Narudi naye, au kola azishone mkurugenzi. Na niandikiwe kwenye karatasi, kama mlivyoandika kamba."

"Unajiharibia, mama."

"Nilishaharibika. Sasa najitengeneza, tabia moja moja."

Filimbi alianza kubishana, lakini alikuwa amebadilisha mguu. Akabadilisha tena. Paji la uso likatoa jasho jipya. Mama Kola aliuona mchezo huo na kuujua, miaka tisa aliucheza. "Samahani," Filimbi akasema kwa sauti ndogo. "Choo kiko wapi?"

Watoto wakatazama mtungi. Rangi akatazama mtungi. Filimbi naye akatazama, akakisoma kile kibao, herufi nyekundu zikiwa zimefifia kwa jivu, na uso ukamwiva. Bibi alishaanza kukinyanyua.

"Acha, mama," Mama Kola akasema. Akamgeukia mgeni wake, na sauti ilikuwa imebeba hasira yote ya miaka tisa, imenyooka kama kola. "Mlango wa bati, nyuma. Nenda. Kwetu mtu akitaka kwenda, anakwenda."

* * *

Jumatatu waliingia wawili, Mama Kola na binti, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Mlinzi alikuwa amesimama kando ya kibanda, anakitazama kichaka cha maua. Kilikuwa kimekauka chote. Majani yalikuwa yamejikunja, maua yamedondoka, vijiti tu vimebaki.

"Sijui kimepatwa na nini," mlinzi akasema. "Wiki tatu tu! Na nidhamu yote ile."

Mama Kola alifungua chupa yenye mistari ya buluu. Alikitazama kile kichaka, akainua chupa, akanywa hapo hapo getini mpaka mstari wa saa tatu, na saa tatu ilikuwa bado.